Biashara ya Tiba Ihesabiwe

Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi hakubali mzigo wake uondoke ghalani kabla haujapita kwenye mizani. Mkulima wa kahawa wa Kagera huuliza kilo kwanza, kisha ndipo aulize bei. Hakuna mtumishi wa umma wala mwalimu anayehitaji kuelezwa sababu yake, kwani wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo ipo biashara moja inayozidi kukua, ambayo Tanzania huinunua na kuiuza kila siku, na ambayo mpaka sasa haijapata mizani ya kutosha. Biashara hiyo ni ya huduma za tiba.

Kwa miaka mingi biashara hiyo ilielekea upande mmoja. Mgonjwa wa moyo, wa figo au wa saratani ambaye maradhi yake yalizidi uwezo wa hospitali za nchini alipelekwa nje, na mara nyingi alipelekwa India. Baadhi yao walilipiwa na Serikali; wengine wengi walilipiwa na jamaa zao, waliouza viwanja na ng'ombe na kuchangishana ili kuokoa uhai wa ndugu yao. Katika miongo ya karibuni hatua kubwa zimechukuliwa. Mwaka 1996 sheria zilizianzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, kwa msaada wa wataalamu kutoka India, na mwaka huo huo ikaanza kuwawekea watoto viziwi vifaa vya kuwawezesha kusikia.

Matokeo yake ni kwamba leo njia ina wasafiri wa pande zote mbili. Wagonjwa wa Comoro, Malawi na Kongo hufika Dar es Salaam kutafuta tiba, huku Watanzania wengine wakiendelea kupanda ndege kwenda Bara la Asia kwa shabaha hiyo hiyo. Serikali imetangaza nia ya kuifanya nchi hii kuwa kituo cha utalii wa tiba. Nia hiyo ni njema. Lakini nia njema isiyokuwa na hesabu ni kama safari ya usiku isiyokuwa na taa. Yafaa kwanza ijulikane nchi inanunua tiba kiasi gani, inauza kiasi gani, inamuuzia nani, na gharama yake hasa hulipwa na nani.

Biashara ya huduma ni ngumu kuipima kuliko biashara ya bidhaa, kwa sababu huduma haipiti forodhani. Afisa wa forodha hulifungua kasha la dawa, akahesabu chupa na kuandika thamani yake. Hawezi kuufungua moyo uliotibiwa wala kuupima ushauri wa daktari. Ndiyo sababu nchi zilizotia saini Mkataba Mkuu wa Biashara ya Huduma, uliokubaliwa mwaka 1994 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari, 1995, zilikubaliana kwamba huduma huvuka mipaka kwa njia 4. Ahadi za Tanzania chini ya mkataba huo zilihusu utalii, wala hazikugusa hospitali. Hata hivyo njia zote 4 zinapitika katika tiba ya nchi hii, ahadi iwepo au isiwepo.

Njia ya kwanza ni pale huduma inaposafiri yenyewe, mgonjwa na daktari wakiwa kila mmoja kwao: picha ya eksirei inapigwa Dodoma na kusomwa na mtaalamu aliye ng'ambo. Njia ya pili ni pale mgonjwa anapoifuata huduma nje ya nchi yake. Ya tatu ni pale mtaji unapovuka mpaka, kampuni ya kigeni ikajenga hospitali au maabara. Ya nne ni pale daktari au muuguzi mwenyewe anapokwenda kufanya kazi katika nchi nyingine kwa muda. Tangu mwaka 2002 Umoja wa Mataifa, Shirika la Fedha la Kimataifa, Shirika la Biashara Duniani na wenzao wametoa mwongozo wa jinsi ya kukusanya takwimu za biashara ya huduma, na mwongozo huo ulitolewa upya mwaka 2010. Kwa hiyo kanuni zipo. Linalopungua ni watu wa kuzitekeleza pale penye mgonjwa, penye mpaka na penye malipo.

Taabu huanza na mgonjwa anayesafiri, ambaye ndiye anayetajwa zaidi. Fedha anazotumia ugenini kwa tiba, malazi na chakula haziandikwi chini ya afya katika urari wa malipo ya nje. Zinaandikwa chini ya safari, katika ukurasa mmoja na fedha za mfanyabiashara, za mwanafunzi na za mtalii aliyekwenda kustarehe. Nauli yake ya ndege huandikwa mahali pengine kabisa, katika hesabu ya usafirishaji. Mwongozo umetenga mstari wa tiba ndani ya hesabu ya safari, lakini mstari huo hauwezi kujazwa ikiwa msafiri hakuulizwa sababu ya safari yake, au ikiwa aliulizwa akajibu kwamba anakwenda kumtembelea jamaa. Kwa upande mwingine, eksirei iliyosomwa na mtaalamu wa nje huingia katika kundi la huduma za watu binafsi, utamaduni na burudani, jirani na filamu na muziki. Atakayetafuta neno tiba katika majumla ya urari bila kujua mpango huo atadhani biashara hii haipo.

Jambo la pili linalopotosha hesabu ni kumchanganya mgeni na mkazi. Kanuni ya urari wa malipo haiulizi pasipoti ya mgonjwa ni ya nchi gani. Huuliza makazi yake yako wapi. Mcomoro aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam kwa miaka 5 akitibiwa Muhimbili hajaiingizia nchi fedha za kigeni kwa tiba hiyo. Lakini Mtanzania aliyehamia Muscat na kufanya maisha yake huko, akirudi kutibiwa moyo nyumbani, amenunua huduma kutoka nje, na malipo yake ni mauzo ya nchi. Mkimbizi aliyekaa kambini Kigoma kwa miaka mingi ni mkazi, hata kama si raia. Na mgonjwa aliyesafiri kutafuta tiba hubaki kuwa mkazi wa nchi alikotoka hata matibabu yake yakizidi mwaka mmoja. Karani wa mapokezi anayeandika tu «raia» au «si raia» amekusanya habari zenye manufaa kwa kupanga ada, lakini hazitoshi kwa hesabu ya taifa.

Jambo la tatu ni kuhesabu ziara badala ya watu. Mathalani, mgonjwa mmoja kutoka Moroni akifika hospitali mara ya kwanza kupimwa, mara ya pili kulazwa, na mara mbili nyingine kuangaliwa kidonda, daftari la mapokezi litaonyesha wagonjwa wa kigeni 4, ilhali mtu ni mmoja. Akiongezwa mtalii aliyeumwa malaria akiwa Serengeti, na mfanyakazi wa ubalozi aliyekwenda kung'oa jino, tarakimu hupanda haraka na kupendeza machoni. Lakini mtalii huyo hakuja nchini kwa ajili ya tiba, na hatakuja tena kwa sababu hospitali imenunua mashine mpya. Tarakimu ya namna hiyo haifai kuwa msingi wa kujenga wodi.

Athari za kutokubaliana juu ya nani ahesabiwe zilionekana dunia nzima mwaka 2008. Mwaka huo kampuni mbili kubwa za ushauri wa biashara zilitoa makadirio yao. McKinsey ilisema wanaosafiri kwa ajili ya tiba duniani kote ni kati ya 60,000 na 85,000 kwa mwaka. Deloitte ikasema Wamarekani peke yao waliosafiri nje kwa tiba mwaka 2007 walikuwa 750,000. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na mipaka ya hesabu. Mmoja alihesabu waliolazwa tu, akawaacha wageni wakazi na watalii waliougua njiani. Mwingine alifungua mlango zaidi. Nchi iliyotaka kuwekeza ikamwamini wa pili ingeweza kujenga hospitali za vitanda vingi zikakosa watu wa kulala, na deni likabaki kwa mlipa kodi.

Upo upande wa nne wa hesabu hii, nao ndio wenye uchungu mkubwa kwa taifa: watu wenyewe wanaotibu. Muuguzi aliyesomeshwa kwa fedha za wananchi akienda Uingereza na kukaa zaidi ya mwaka huhesabiwa kuwa mkazi wa huko. Kuanzia hapo mshahara wake si biashara ya Tanzania tena. Kinachoonekana katika vitabu vya nchi ni fedha anazomtumia mama yake, nazo huandikwa upande wa mapato. Kwa hiyo daftari linaonyesha faida tupu. Gharama ya kumsomesha tangu shule ya msingi hadi chuo, na zahanati iliyobaki bila muuguzi, hazionekani popote. Hakuna mhasibu wa chama cha ushirika ambaye angeruhusiwa kufunga hesabu za mwaka kwa namna hiyo, akaandika bei ya pamba na kuisahau gharama ya mbegu.

Wala suala hili si la nadharia. Mwezi Machi, 2017, baada ya mgomo mrefu wa madaktari nchini Kenya, nchi hiyo iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania, na ombi likakubaliwa. Tanzania wakati huo ilikuwa na madaktari waliohitimu lakini hawajaajiriwa, huku hospitali zake nyingi zikiwa na upungufu. Mahakama ya Kenya ilipozuia mpango huo, Rais Magufuli aliagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba nafasi hizo waajiriwe nchini. Kwa tukio moja maswali yote ya biashara hii yalijitokeza mezani: kuna madaktari wangapi wasio na kazi, kuna nafasi ngapi zilizo wazi, gharama ya kumsomesha mmoja ni kiasi gani, na nchi inayomchukua ilipe nini. Maswali hayo hayapaswi kungoja dharura ili yaulizwe.

Nchi nyingine zimeyajibu kila moja kwa njia yake. Cuba, iliyopeleka kikosi chake cha kwanza cha madaktari Algeria mwaka 1963, imeigeuza kazi ya madaktari wake ng'ambo kuwa chanzo kikuu cha fedha za kigeni. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 juu ya wauguzi wake kwenda kufanya kazi huko. Shirika la Afya Duniani nalo lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, na katika kanuni hizo nchi wanachama zilitakiwa kukusanya na kupashana takwimu za watumishi wanaohama. Mwaka 2023 Shirika hilo lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo hazifai kufuatwa na mawakala wa ajira wa nchi tajiri. Tanzania imo katika orodha hiyo. Ngao hiyo ni nzuri, lakini haimkingi asiyejua ni watu wangapi wameondoka na wamekwenda wapi.

Kwa Afrika Mashariki upo umuhimu wa ziada. Nchi za Jumuiya zilikubaliana kugawana vituo vya ubingwa: maradhi ya moyo Tanzania, figo Kenya, saratani Uganda. Busara ya mpango huo ni kwamba nchi maskini hazina haja ya kununua kila moja mashine ile ile. Lakini kugawana huko maana yake ni kwamba mgonjwa wa moyo wa Kampala atatibiwa Dar es Salaam, na mgonjwa wa saratani wa Mwanza huenda akatibiwa Kampala. Pasipo hesabu inayoaminiwa na wote, kila nchi itadhani inabeba mzigo wa mwenzake, na undugu wa mezani utageuka manung'uniko ya wodini.

Kazi inayotakiwa kufanywa haihitaji kuundwa kwa shirika jipya, majengo mapya wala magari mapya. Inahitaji maswali machache yaulizwe na watu ambao tayari wako kazini. Kwanza, kila hospitali ya rufaa, ya umma na ya binafsi, imwandike mgonjwa kwa nchi anakoishi na muda aliokaa nchini, aseme kama alikuja kwa ajili ya tiba hiyo, na nani analipa. Apewe namba moja ya kudumu ili ziara 4 zisigeuke watu 4. Hospitali zinazotumia kompyuta zinaweza kuongeza nafasi hizo katika fomu zilizopo. Hospitali za Bugando na KCMC zisiachwe nyuma kwa dhana kwamba biashara hii ni ya Dar es Salaam peke yake.

Pili, uchunguzi wa wageni wanaoondoka nchini, ambao Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Uhamiaji na Wizara inayohusika na utalii wamekuwa wakiufanya kwa pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, uitaje tiba waziwazi, na uwe na ndugu yake upande wa pili: wakazi wanaorejea kutoka nje waulizwe kama walikwenda kutibiwa na walitumia kiasi gani. Tatu, hesabu ya hapa ilinganishwe na ya upande wa pili. India hutoa viza maalumu ya matibabu na nyingine ya anayemsindikiza mgonjwa, na hutangaza takwimu za wageni wake kwa sababu ya safari. Mnunuzi anayeweza kuliona daftari la muuzaji asione haya kulitazama, mradi akumbuke kwamba daftari hilo nalo huhesabu wanaoingia, na mtu mmoja anaweza kuingia mara mbili.

Nne, mabaraza yanayosajili madaktari na wauguzi yatangaze kila mwaka ni wangapi walioomba barua za kuthibitisha sifa zao kwa ajili ya kazi za nje, na katika nchi zipi. Si kila aliyeomba ataondoka, lakini moshi huonyesha mahali palipo na moto. Tano, hospitali na maabara zenye mitaji ya kigeni zitoe hesabu ya vitanda, watumishi na mauzo yao, kwa kuwa huduma wanazowauzia wakazi hazionekani katika urari wa malipo isipokuwa faida inapopelekwa kwao. Yote hayo yakusanywe katika jedwali moja, litolewe kila mwaka, na lisomeke na mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne.

Wapo watakaosema kwamba tiba si bidhaa, na kwamba kuihesabu kwa fedha ni kuifanya afya ya binadamu kuwa kitu cha mnada. Hofu hiyo ina msingi na isidharauliwe. Mtumishi wa Serikali na mwalimu hukatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri wake huongeza asilimia 3 nyingine. Bunge limepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Wanachama hao wana haki ya kuuliza: kitanda alicholala mgonjwa wa nje aliyelipa kwa dola kimetoka wapi, na mwalimu wa Namtumbo anayengoja upasuaji amesogezwa siku ngapi? Lakini swali hilo haliwezi kujibiwa pasipo kuhesabu. Hospitali isiyohesabu inaweza kumsogeza mwalimu mwezi mzima bila yeyote kujua. Hospitali inayohesabu itaonyesha mapato ya mgonjwa wa nje upande mmoja, na siku za kungoja za mwananchi upande wa pili, na viongozi watalazimika kusema fedha zile zimemnunulia mwananchi nini.

Kwa sababu hiyo jedwali la biashara ya tiba lisiwe na safu ya mapato tu. Liwe na safu ya vitanda, ya muda wa kungoja, ya watumishi walioondoka na ya gharama za kuwasomesha. Tarakimu zinazotajwa jukwaani ili zishangiliwe, kisha zikawekwa kabatini, hazimsaidii mgonjwa yeyote. Zinazofaa ni zile ambazo mganga mkuu anaweza kuzitumia kudai mashine, Hazina ikazitumia kukadiria fedha za kigeni, na mwalimu akazitumia darasani kuwafundisha vijana hesabu ya nchi yao.

Karani wa mapokezi, afisa wa uhamiaji, mtakwimu na mhasibu wa hospitali ni watu wasiotajwa wakati moyo wa mtoto unapofanyiwa upasuaji ukapona. Hata hivyo wao ndio watakaoamua kama taifa litajua upasuaji huo uligharimu nini na ulileta nini. Wizara ya Afya, Benki Kuu na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ziwaandalie fomu moja, maelezo mamoja na mafunzo mafupi, kisha ziwadai kazi kamili. Korosho hupimwa kabla haijaondoka ghalani. Jasho la daktari na uhai wa mgonjwa visiachwe kupita mlangoni bila kuandikwa.